Pepeta Iliyoliwa Mbagala

Sisi tuliolelewa juu ya dungu tunajuana. Mtu akiniambia amekulia Rufiji simuulizi kabila wala ukoo, namuuliza kama amewahi kuamia ndege. Akibabaika, basi huyo amekulia Kibiti barabarani, kwenye mabasi na korosho za kukaanga. Sina ugomvi naye, lakini habari za mpunga asinisimulie.

Mimi nilizaliwa Mbwera, huko delta, ambako mto umeikatakata ardhi mpaka kwenda kumjulia hali shangazi ni safari ya mtumbwi. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, kijiji kizima kilihama. Milango ilifungwa kwa kipande cha kamba, kuku wakatiwa matengani, vyungu vikapangwa mtumbwini, na kila familia ikaenda kuishi shambani kwake kwenye dungu. Kwa wale ambao hawakujaliwa, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ili maji yakijaa yapite chini na nyinyi mko juu mmelala. Chini yetu yalipita maji, vyura, na mara mojamoja kiboko. Ukimsikia kiboko anavyotafuna mpunga wa baba yako unajifunika shuka gubigubi, kama vile shuka ni ukuta wa zege. Asubuhi baba anashuka kuangalia hasara, sisi tunashuka kuangalia nyayo za kiboko na kubishana ni nani aliyeogopa zaidi.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda. Jua likichomoza tu kwelea hao wameshafika, wingu zima, na wewe uwe umeshasimama na kombeo lako na madonge ya udongo. Tulifunga madebe matupu kwenye kamba ndefu kutoka dunguni mpaka katikati ya shamba, ukivuta kamba madebe yanapiga kelele kotekote. Na juu ya hapo tulipiga mayowe. Mama alikuwa akisema, "Ndege hawajui kama leo sikukuu, Hawa. Inuka." Sauti niliyoipata kule ndiyo ninayo mpaka leo. Hapa Uswidi ninapoishi, nikipokea simu ndani ya basi watu wote wanageuka. Mume wangu Kassimu hunikanyaga mguu na kuninong'oneza, "Mama, huyo unayeongea naye yuko kwenye simu, hayuko ng'ambo ya mto."

Shule tulikwenda, tusije tukasingiziwa. Lakini mwalimu wetu naye alikuwa mtu wa palepale. Msimu wa masuke akiita majina, nusu ya darasa ilijibiwa na wenzao, "Yuko shambani," naye anapita jina linalofuata bila hata kuinua macho. Leo mtoto akitumwa chumvi dukani anakwambia ana stresi. Stresi! Sisi tulikuwa na kwelea, tulikuwa na nguruwe pori, tulikuwa na kiboko mlangoni, na jioni bado tulikuwa na nguvu za kucheza rede kwenye kichuguu kilichokauka mpaka tuitwe kwa majina ya ukali. Mdako tulichezea juu ya dungu. Kokoto ikipenya katikati ya fito ikadondoka majini, mchezo umekwisha, na aliyeidondosha anapigwa mafumbo hadi kesho yake.

Na kula! Kamba tulikuwa tunawachoka, wallahi. Leo nawaona hapa dukani wamelazwa kwenye barafu, wachache, wamekunjamana, na watu wanawatazama kwa heshima kabisa. Sisi tulinung'unika, "Mama, leo tena kamba?" Kaa wa mikokoni tuliwapasua kwa jiwe mlangoni na mchuzi ukatiririka mpaka viwikoni. Wali wa mpunga mpya ukipikwa dungu la tatu wewe huku unajua, maana harufu inakuja na upepo, na unajua pia kama nazi ilikuwa moja au mbili. Vijana wa sasa ukiwauliza chakula wanachokipenda wanakwambia chipsi mayai. Haya, na wale.

Lakini mimi kilichokuwa kinanitoa roho ni pepeta.

Mpunga una siku zake chache tu za kuwa pepeta. Kabla yake punje ni maji, baada yake ni mchele kama mchele mwingine. Mama alikuwa akipita ukingoni mwa shamba, anachuma suke, anabinya punje kwa kucha. Ikitoa maziwa anafuta kidole kwenye kanga na kusema, "Bado." Sisi nyuma yake tunashusha mabega. Siku ambayo punje ilikataa kubinyika, lakini bado ni kijani, Mama hakusema kitu. Aligeuka tu akaelekea dunguni kwa haraka, na sisi tukaanza kukimbia.

Mpunga huo mchanga unakaangwa na maganda yake kwenye chungu mpaka uanze kudatadata, halafu unamiminwa kinuni ungali wa moto na kutwangwa hapohapo. Ukipoa tu umeharibika. Maganda yanang'ang'ania, punje zinakuwa unga. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kutengeneza pepeta, awe hodari vipi. Kwetu Mama alikaa na chungu, na mdogo wake, Mama mdogo Siwatu, akatwanga na jirani yeyote aliyekuwa karibu, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, huku wanatukanana kwa upendo kwamba fulani ana mikono ya mtu aliyetoka kujifungua. Ikipepetwa kwenye ungo, makapi yakiruka, kinachobaki ni vipande bapa, laini, vya rangi ya kijani iliyoungua kidogo. Vina harufu ya moshi na ya majani. Unaweza kula na nazi iliyokunwa na sukari, unaweza kutia kwenye tui, mimi nilipenda vikavu, kiganja baada ya kiganja, nimesimama.

Na pepeta haiwekwi. Hilo lilikuwa halina mjadala. Ungo ukitua tu sahani zinaanza kutembea: ya babu, ya jirani wa kulia, ya jirani mliyegombana naye, na ya ndugu walioko mjini, ambayo inafungwa na kupelekwa na boti ya kwanza. Na yule wa mjini akiipokea naye anafanya hivyohivyo, anafungua na kugawa papo hapo. Mwenye kuificha pepeta kabatini alisemwa mpaka mavuno mengine. Ndivyo tulivyofundishwa, wote, wakubwa kwa wadogo, na mafundisho hayo yalikuja kuniliza ukubwani.

Nilipomfuata mume wangu Uswidi, mwanzoni njaa ya nyumbani niliifanya mzaha. Kassimu ni Mnyamwezi wa Tabora nami Mdengereko, kwa hiyo mtani wangu kabla hajawa mume wangu, na nikimsimulia pepeta anasema, "Yaani mnawafukuza kwelea halafu mnakula chakula chao?" Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nakula viazi vyao, nakula mchele wao usio na harufu, nakwenda kazini kwangu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maisha yanakwenda. Ukiniuliza wakati ule ningekwambia nimezoea.

Halafu nikashika mimba. Niseme wazi kwamba ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliharibika mwaka mmoja nyuma yake, na tangu hapo mimi na Kassimu tulikuwa watu wa kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yetu wenyewe. Hii ya pili ilikuja na kutapika. Si kule kutapika kwa asubuhi ambako watu husimuliana wakicheka. Nilitapika chai, nikatapika maji, nikatapika mate yangu mwenyewe. Nguo zilinivuka. Nililazwa nikatundikiwa dripu, nikarudishwa nyumbani, nikalazwa tena. Nje theluji ilikuwa haijaisha na mimi nimelala nimeelekea ukutani, ninahesabiwa mapigo ya mtoto, na kila wakiweka kile chombo tumboni ninaacha kupumua mpaka nisikie.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole sana. Akakaa kitandani pangu, akaniambia niache kufikiria chakula chenye faida. "Funga macho," akasema, "niambie ni kitu gani unaweza kukiona mdomoni mwako usichefukwe." Nikafunga macho. Nilidhani nitaona wali, au ndimu, au udongo wa pemba kama wajawazito wengine. Wapi! Nikaona pepeta. Kavu, kwenye kiganja. Na mate yakanijaa, mate mazuri, ya hamu, ambayo nilikuwa sijayaona kwa wiki nyingi. Nikaanza kumweleza kwa Kiswidi changu cha kuunganisha: mpunga, lakini mtoto, umechomwa, umepigwa. Yule mama akanitazama kwa huruma. Kassimu akaongezea ya kwake, daktari akafurahi, akasema kitu kama hicho kipo dukani. Jioni Kassimu akaja na boksi la vipande vya mahindi lenye picha ya jogoo. Nikala vijiko viwili, nikatapika, nikaomba boksi litolewe ndani.

Basi nikampigia Mama. Mbwera wakati ule mtandao ulikuwa na makazi yake: gatini, pale boti zinapofunga. Ukisogea kidogo tu umeupoteza. Mama alishuka gatini kila alasiri kunijulia hali, na siku hiyo nikamwambia ninachokitaka. Simu ikakwaruza, nikadhani imekatika.

"Mama?"

"Nipo. Hawa, mpunga bado. Nimeubinya leo asubuhi, unatoa maziwa."

Nililia kama mtoto. Mtu mzima, nina nyumba na mume, nalilia mpunga ambao haujakomaa. Mama hakunibembeleza, si kawaida yake. Alisema tu, "Nitautazama kila siku. Na wewe mtazame huyo mtoto."

Tukaanza kusubiri, yeye kule na mimi huku. Alasiri simu inalia. "Bado, mwanangu." Kesho yake, "Bado, lakini kwenye mgongo wa shamba kule juu umeanza kukaza." Mimi namwambia nimeshika maji kidogo, au sijashika. Yeye ananiambia kwelea wamekuja, amewafukuza mwenyewe, mama mtu mzima na kombeo mkononi, maana watoto siku hizi huwapati, wako na simu chini ya mti. Nilikuwa naogopa sana. Naogopa kwelea, naogopa bamvua lisilete maji ya chumvi shambani, naogopa kile chombo cha daktari. Kwangu mimi shamba na tumbo vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja, na kimojawapo kikiharibika nilijua siwezi tena.

Msafiri tulishampata. Dada mmoja wa Tanga, Mwanakombo, tuliyefanya naye kazi, alikuwa Dar kwa likizo na angerudi Uswidi Jumapili. Mpango ukawa mwepesi: Mama ataipeleka pepeta kwa boti mpaka Nyamisati, ipande gari mpaka Kibiti, ipande basi mpaka Mbagala kwa Mama mdogo Siwatu, ambaye ameolewa huko siku nyingi, na yeye ampelekee Mwanakombo. Jumanne Mama akanipigia. "Umekaza. Kipande kidogo tu, lakini umekaza. Tumeshatwanga, imeshaondoka na boti." Halafu akakata, akarudi mbio shambani kwa sababu ndege walikuwa hawajaondoka, na shambani simu ni saa ya ukutani tu. Alikuwa amwambie Siwatu jioni, lakini giza lilimkuta bado shambani na Siwatu hakuambiwa kitu.

Mama alimwambia mwenye boti, "Hii ni ya Hawa, mpe Siwatu." Mwenye boti akamwambia wa gari, "Mpe Siwatu." Wa gari akamwambia konda wa basi. Konda, kijana wa watu, alipofika Mbagala akasema, "Mama, mzigo wako kutoka kwa dada yako."

Jumatano mchana nimejilaza kwenye kochi, simu ikaita kwa video. Mama mdogo Siwatu. Nikapokea, na kitu cha kwanza nilichokiona ni meno yake na vipande vya kijani.

"Hawaaa! Mwanangu! Mwaka huu pepeta imewahi, we acha tu! Dada kanikumbuka! Tunakula hapa tunakutaja wewe, yaani nimesema, laiti Hawa angekuwepo!" Akageuza simu. Nikaona ua wake mzima wa Mbagala. Watoto wameshika vibakuli. Mzee wa duka la jirani anatafuna kwa utulivu, macho kayafumba. Mama mmoja nisiyemjua anakuna nazi. Ungo katikati, mtupu, na kuku anaokota chini yake.

Nilifungua mdomo na ile sauti yangu ya shambani haikutoka. Nilimpa Kassimu simu. Nikamsikia akieleza taratibu, kwa adabu za mkwe, kwamba mama, ile ilikuwa ya Hawa, mgonjwa, na kwamba ni yeye aliyekuwa aipeleke kwa msafiri. Halafu nikasikia, "Ewe Mola wangu! Siwatu mimi! Nimekula chakula cha mgonjwa!" na kitu kikaanguka, nadhani kibakuli.

Watu wa hapa niliowahi kuwasimulia kisa hiki hunishangaa kwa nini sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje? Mimi mwenyewe ningeufungua mzigo ule. Mdengereko yeyote akipokea kifurushi cha pepeta, akaivuta ile harufu, akasubiri simu kwanza, huyo kuna mahali amelelewa vibaya. Alifanya lilelile tulilofundishwa wote juu ya dungu moja. Nililia kwa sababu nilikuwa na njaa na hofu, si kwa sababu yake.

Lakini Mama mdogo hakukaa kusubiri kusamehewa. Alhamisi alfajiri alikuwa Mbagala Rangi Tatu anatafuta basi la Kibiti. Mwanamke mwenye magoti mabovu, ambaye kila Idi tulimbembeleza aje delta akasema boti zinamtia kizunguzungu. Alipanda boti hiyohiyo. Alipofika Mbwera, Mama ananihadithia, alishuka na hakusalimia mtu, alisema, "Nipeni mchi."

Tatizo, shambani kwa Mama kile kipande kilichokaza kilikuwa kimekwisha. Kwingine punje zilikuwa bado maziwa. Na Jumapili Mwanakombo anaruka. Hapo ndipo wanawake wa madungu ya jirani walipoingia, bila kuitwa kwa mkutano wala nini. Habari ilikuwa imeshapita shamba hadi shamba kwamba mtoto wa fulani yuko baridini, hali chakula, na pepeta yake imeliwa Mbagala. Kila mmoja alizunguka shambani kwake akibinya, akakata yale masuke machache yaliyokuwa tayari, akaleta kwenye kanga. Huyu kiganja, yule fungu. Wakayachanganya yote kwenye chungu kimoja. Mama akakaa jikoni kwa chungu, Mama mdogo akatwanga na jirani yetu Bi Tatu, na wote walionisimulia wanakubaliana kwamba Siwatu alitwanga siku ile kama anayelipiza kisasi. Halafu akaifunga mwenyewe, akaipakata mwenyewe ndani ya boti, ndani ya gari, ndani ya basi, na akaikabidhi mikononi mwa Mwanakombo. Kassimu alipompigia kumshukuru akajibu, "Usinishukuru, baba. Subiri ale."

Mwanakombo alituletea Jumatatu akitoka uwanja wa ndege, hata kwake hajafika. Alikuwa ameifunga ndani ya mtandio wake. Kassimu akakata kamba, ile harufu ikatoka, moshi wa kuni za mikoko ndani ya sebule yetu ya Uswidi, na mimi nikaziba pua kwa woga. Maana nilikuwa nimeshadanganywa na pua yangu mara nyingi. Vitu vingi vilininukia vizuri na tumbo likavirudisha. Nikajiambia, na hii nayo nikiitapika, basi sina kingine.

Tukapiga simu ya video gatini. Mama alikuwa pale, anashika simu kama kawaida yake, hivyo naona paji la uso wake na mbingu. Pembeni nasikia watu wanakohoa. "Nani wako hapo, Mama?" "Wako wenzako," akanijibu. "Kula."

Kassimu, mtani wangu, akapiga magoti mbele yangu na ndoo. Hakutania siku hiyo. Nikachukua kidogo kwa vidole, nikaweka mdomoni, nikatafuna polepole. Kilikuwa kilekile. Naapa kwa Mungu kilikuwa kilekile, moshi kwanza, halafu majani, halafu utamu mdogo unaokuja mwishoni wakati umeshaanza kumeza. Nikameza. Nikachukua kingine, nikameza. Halafu nikaweka mikono mapajani na kusubiri.

Nilikuwa nasikia maji yakipiga boti gatini. Nilikuwa nasikia tumbo langu. Dakika zikapita, nikahisi kile kitu kinapanda, nikaishika ndoo, kikasimama hapo katikati kikafikiria, halafu kikashuka. Kikashuka kabisa. Nikapumua.

"Hawa," Mama akaita, sauti ndogo sana. "Imekaa?"

"Imekaa, Mama."

Akageuka nyuma, simu ikageuka naye, na ndipo nikawaona: wanawake kumi au zaidi wamekaa chini kwenye mbao za gati na kanga zao, wengine wana masuke bado kiunoni, Bi Tatu, na watu ambao mara ya mwisho niliwaona nikiwa mwari. Mama akawaambia, "Imekaa!" Vigelegele vilivyopigwa hapo, Mwanakombo aliyekuwa amesinzia kwenye kiti alishtuka akasimama. Kassimu aliweka ndoo chini, akajifunika uso kwa mikono yake yote miwili na kulia. Nami nikawa nalia na kutafuna kwa pamoja, nisiwe na haja ya kuchagua kimoja. Mama mdogo Siwatu tulipomwambia kwa simu kule Mbagala alisema alhamdulillahi mara nyingi mfululizo, kisha akasema sasa anaweza kulala.

Ile pepeta ilinifikisha mpaka kutapika kulipokata. Kiganja asubuhi, kiganja jioni, na baada yake taratibu vikafuata vitu vingine, uji, ndizi, mwishowe hata viazi vyao. Binti yetu alizaliwa mzima na mapafu yake mazuri. Alilia mpaka mkunga akaniuliza amerithi kwa nani. Leo yuko shule. Asubuhi anakula vile vya boksi lenye jogoo, anamimina maziwa mwenyewe, anakula anatazama katuni, hasemi na mtu. Siwezi kumlaumu, hajawahi kuamka na kwelea. Tulipompeleka Mbwera mwaka jana, pepeta tuliinunua Kibiti stendi, imefungwa kwenye vimfuko vya plastiki, imekobolewa kwa mashine. Si mbaya. Mtoto alikula akaomba maziwa. Madungu yamepungua, vijana wako Dar, na anayetaka kutwanga sasa inabidi aanze kutafuta wenzake kwa simu.

Mimi sasa nakula vizuri, namshukuru Mungu. Nakula nikiwa nimesimama, nakula ndani ya basi, nakula nikitoka zamu, na nikimaliza naosha sahani yangu moja. Mama ananiambia kwamba siku ile pale gatini hakuna mwanamke aliyekumbuka kuinjika chungu mpaka mimi nimeze, na kwamba madungu yote ya kwetu yalikula chakula cha mchana baada ya swala ya alasiri, waume wamekaa madunguni na njaa zao, na hata mmoja hakugomba.